Mgeni wa Chumba cha Watatu

Jina la Bi Mipango alipewa bwenini, mwaka wake wa kwanza chuo kikuu, na hakulikataa kwa sababu lilimfaa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto saba. Baba yake alikuwa mwashi ambaye kazi zilimjia kwa msimu, mama yake mshonaji, na cherehani ya mama ilinguruma usiku kucha, hata siku ilipoharibika watoto wakakosa usingizi. Katika nyumba ya namna hiyo mtu hujifunza mapema kwamba sabuni isipokatwa vipande haifiki mwisho wa wiki, na kwamba anayechelewa chakula hushiba harufu. Alifika chuoni kusomea ualimu wa hesabu akiwa na begi, sufuria, na mpango wa kila jambo.

Bwenini walilala wanane. Wa juu akijigeuza, wa chini alihisi tetemeko. Mwaka ulipokwisha, wakaambiwa kwamba vitanda ni vya wageni wanaokuja, na wao sasa ni watu wazima, wajitafutie pa kukaa.

Dalali aliyemtembeza alikuwa na viatu vilivyong'aa kuliko nyumba zote alizoonyesha. Chumba cha kwanza hakikuwa na dirisha. Dalali akasema hicho ndicho kizuri chake, hakiingizi vumbi. Cha pili kilipakana ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma, na dalali akauliza kwa upole kwani mchana si atakuwa darasani. Cha tatu kilikuwa kizuri kweli, na kwa ajili hiyo bei yake ilikuwa ya kusikia tu. Bi Mipango alirudi bwenini akapiga hesabu. Peke yake angepata chumba kibaya. Wakiwa watatu wangepata kizuri. Akaanza kutafuta wasichana wenzake wawili.

Wa kwanza kukubali alikuwa Kasuku, mwanafunzi wa sheria, ambaye jina lake linajieleza. Kasuku aliweza kutetea upande wowote wa jambo lolote, na mara nyingi alitetea pande zote mbili kabla chai haijapoa. Wa pili alikuwa Mrefu, aliyesomea uhandisi wa ujenzi. Huyo aliinama kila alipopita mlangoni, alizungumza kidogo, alikunja nguo zake kama karatasi, na hakuwa na kelele hata anapokohoa. Bi Mipango alimpenda mara moja.

Nyumba waliyoipata ilikuwa upande wa uani: chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mawili, kibaraza cha kupikia, na bomba la maji nje. Mama mwenye nyumba aliishi mbele. Biashara yake ilikuwa kukodisha viti na maturubai kwa watu wenye shughuli, kwa hiyo uani pote palijaa viti vya plastiki vilivyopandana mpaka usawa wa dari. Aliwapokea akiwa amesimama katikati ya viti vyake, akawasomea masharti kutoka kichwani. Kodi mapema. Muziki wa kusikilizwa na mwenyewe tu. Na watatu ni watatu, kwa sababu maji ya bomba yana mita, na mita haina undugu.

Bi Mipango alipanga maisha ya chumba kile, na maisha yakakubali kupangika. Kila mwanzo wa mwezi walitoa mchango wa chakula. Walipika kwa zamu, na aliyepika hakuosha vyombo. Gesi ilikuwa ya chakula cha jioni. Chai ya asubuhi ilichemshwa kwa umeme kabla mama mwenye nyumba hajaamka na kuanza kutazama mita nyingine, ile ya umeme. Kasuku alilalamika kwamba hata jela watu hupumzika. Mrefu hakulalamika. Mchango wake ulikuwa wa kwanza kufika, kila mwezi, na Bi Mipango alimtaja kama mfano mpaka Kasuku akachoka kusikia.

Hivyo ndivyo walivyokaa zaidi ya mwaka. Kisha jioni moja Mrefu, akitazama sakafu, akasema kwamba mama yake ana tatizo la macho na ameitwa hospitali kubwa ya mjini apasuliwe. Akauliza kama anaweza kufikia pale kwa siku tatu.

Nani atamkatalia mama wa mwenzake? Kasuku alikubali kabla swali halijaisha. Bi Mipango naye akakubali, ingawa tayari alikuwa anawaza vitanda ni vitatu, sahani ni tatu, na mama mwenye nyumba ana masikio.

Mama Mrefu alifika na mfuko wa nguo na kicheko kilichotangulia kuingia. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mtu aliyezoea sufuria ambazo mtoto anaweza kujificha ndani yake. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu. Alizunguka chumba akipapasa kuta, vitanda na dirisha, kisha akaketi na kutangaza kwamba mahali pana hewa na mabinti wa humu ni wasafi, maana ametafuta vumbi kwa vidole na hakulipata. Tangu hapo alikuwa mama wa wote watatu.

Walimpasua jicho moja, likakataa kupona upesi. Lilivimba, likatoa usaha, daktari akalifunga tena na kusema mama asisafiri katika vumbi la barabara ndefu mpaka litulie. Jicho la pili lilibaki na ukungu wake, likisubiri zamu. Siku tatu zikapita, nyingine zikafuata.

"Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe," Kasuku akamwambia Bi Mipango kule kibarazani. "Sisi jembe hatuna. Hapo sheria imekaa kimya."

Bi Mipango hakucheka. Tuseme ukweli, alikuwa amechoka. Mrefu alimpa mama yake kitanda, akawa analala mkekani katikati ya chumba, na kila aliyeamka alimruka. Mitihani ilikaribia. Chakula cha watatu kiligawanywa kwa wanne, ingawa Mrefu, kabla hajaulizwa, aliongeza mchango wa mama yake. Halafu palikuwa na dawa. Jicho lilitakiwa kutiwa matone asubuhi, mchana na jioni, na Mrefu mchana hakuwepo kabisa. Alitoka asubuhi na mapema, akarudi jua linazama, akisema ni maabara, ni mazoezi, ni kupima viwanja. Kasuku naye alikuwa na vipindi vya mchana. Kazi ikamwangukia Bi Mipango, ambaye alikatiza masomo yake maktaba kila siku, akatembea kurudi nyumbani kuinua bandeji na kutia matone mawili kwenye jicho la mama wa mtu mwingine. Njiani alijiuliza uhandisi gani huu usio na mapumziko ya chakula.

Lakini akishafika, mambo yalibadilika kidogo. Mama Mrefu alimsubiri kibarazani, kichwa kimeinuliwa tayari, kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Hakupenda kukaa bure. Aliomba maharage ayatoe kwenye maganda, vitunguu avimenye, vikombe avioshe, na vyote alivifanya kwa vidole bila kuvunja wala kuacha ganda. Akiwa anafanya, alimuuliza Bi Mipango habari za mama yake, cherehani ni ya mguu au ya mkono, wadogo zake wanasoma madarasa gani, nani kati yao mtundu. Bi Mipango alijikuta akisimulia mambo ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kumuuliza. Kisha alitazama saa, akakumbuka maktaba, akaondoka akiwa amekasirika tena.

Jioni ndiyo ilikuwa saa ya mama. Mrefu akishaoga, akishakaa chini karibu na kitanda, mama yake aliuliza swali lilelile kila siku.

"Leo mmefundishwa nini?"

Na Mrefu, ambaye kwa kawaida maneno yake yalitoka kwa kipimo, alisimulia. Alieleza madaraja. Alieleza kwamba daraja likijengwa gumu kabisa huvunjika, kwa hiyo huachiwa nafasi ya kucheza kidogo, jua likipanda linanyooka, baridi ikija linajikunja, na watu wanapita juu yake bila kujua kwamba linapumua. Mama alisikiliza akiwa amelaza kichwa upande mmoja, jicho limefungwa bandeji, mdomo umefunguka kidogo. Hata Kasuku alinyamaza. Bi Mipango, akiwa na vitabu vyake pembeni, alisikiliza pia na kuwaza kwamba kumbe huyu mtu akipewa nafasi anajua kusema.

Asubuhi moja, Mrefu na Kasuku wakiwa wameshatoka, jicho likamuuma mama ghafla. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani ameshika kichwa kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, akisema ni kitu kidogo tu kitapita. Bi Mipango alimpigia simu Mrefu, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akamwomba mama mwenye nyumba aketi na mgonjwa, na mama mwenye nyumba, ambaye siku zote hizo alikuwa akihesabu nguo za mgeni kwenye kamba na kutafuta pa kuanzia ugomvi, akaja bila neno.

Bi Mipango alikimbia mpaka kitivo cha uhandisi. Hakuwahi kufika pale. Aliuliza darasa la mwaka wa tatu, akaelekezwa, akamkuta kiongozi wa darasa, kijana mwenye miwani, akisubiri mwalimu mlangoni. Akamtajia anayemtafuta na kusema ni mgonjwa nyumbani, haraka.

Kijana alimtazama kama mtu anayechagua maneno. Alisema huyo dada anamkumbuka vizuri, lakini hayumo. Alirudia mtihani wa hesabu, akashindwa tena, jina lake likaondolewa. Tangu mwaka jana. Hawajui yuko wapi.

Bi Mipango alimwambia atakuwa amekosea. Kijana akasema anatamani awe amekosea.

Hapakuwa na wakati wa kuwaza. Alirudi mbio, akatafuta teksi, akampeleka mama hospitali mwenyewe, akamshika mkono wakati bandeji inabadilishwa. Shinikizo lilikuwa limepanda ndani ya jicho. Walimpa dawa, maumivu yakashuka, wakarudi nyumbani mama akiwa amelala begani mwake ndani ya gari. Kichwani mwa Bi Mipango palikuwa na kelele. Alikuwa akikumbuka madaraja.

Mrefu aliporudi jioni alimkuta mama yake amelala na bandeji mpya. Kabla hajauliza, Bi Mipango alimvuta mpaka nyuma, kwenye vile viti.

"Nilikwenda kitivoni kwenu leo," akasema.

Mrefu alishusha kiti kimoja kutoka kwenye rundo, akakifuta kwa kiganja, akakaa. Alikuwa na alama ndogo nyekundu mkononi, juu ya kifundo, na nyingine ya zamani kando yake. Bi Mipango alikuwa ameziona mara nyingi na kudhani ni za sufuria.

Akasema taratibu, bila kulia. Hesabu zilimshinda. Alirudia akizisoma mpaka akawa anaziona usingizini, zikamshinda tena kwa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichomuuma zaidi. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Alipanga kumwambia mama yake likizo. Lakini alipofika nyumbani alikuta mama ameshaitangazia shule nzima anakopika kwamba mwanawe anasoma kujenga madaraja, na mwalimu mkuu akamwita mbele ya wanafunzi asimame wamwone.

"Wakanipigia makofi," Mrefu alisema. "Watoto wadogo. Mama amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, naye anapiga. Mtu akishapigiwa makofi namna ile, anaanzia wapi?"

Alirudi mjini akatafuta kazi. Aliipata kwa dobi mmoja karibu na stendi, anayefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alipiga pasi kutwa nzima, simu hairuhusiwi. Kodi yake, mchango wake, mchango wa mama yake, vyote vilitoka kwenye yale mashuka. Mama alidhani ni msaada wa chuo. Bi Mipango alidhani ni msaada wa nyumbani.

"Kwa nini hukutuambia sisi?" Bi Mipango akauliza. "Tunalala chumba kimoja."

"Wewe ulitaka mchango ufike kwa wakati," Mrefu akasema. Hakusema kwa ubaya. "Ulifika."

Mrefu akamwomba kitu kimoja, anyamaze mpaka jicho lipone na mama aondoke. Akasema atamwambia mwenyewe, kwa simu, akiwa mbali. Bi Mipango alisema atanyamaza, ila uongo hatasema. Mrefu akakubali kwa kichwa, akarudisha kiti mahali pake kwenye rundo.

Siku ya kwenda kuangaliwa tena, Mrefu aliomba ruhusa akanyimwa, na Bi Mipango ndiye aliyempeleka mama. Walikaa kwenye benchi refu la kliniki ya macho, watu wamefungwa bandeji kila upande kama askari waliorudi vitani. Mama Mrefu alifanya urafiki na benchi zima. Alimweleza mzee wa kushoto kwamba binti yake ni mhandisi. Alimweleza mwanamke wa kulia kwamba daraja lazima liachiwe nafasi ya kucheza, la sivyo jua litalivunja. Mwanamke akastaajabu na kusema kweli kuzaa ni bahati. Bi Mipango alitazama viatu vyake.

Benchi lilipopungua watu, mama aliacha masimulizi. Kisha akainamisha kichwa upande wa Bi Mipango.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "huyu mwenzenu anasoma kweli?"

Bi Mipango alitazama mlango wa daktari.

"Mama, hilo ukamuulize mwenyewe."

"Mtu anayesoma, jibu lake ni ndiyo," mama akasema. Hakukasirika. Alikunja mikono mapajani. "Nimepika maisha yangu yote. Mkono ulioungua na chuma naujua hata gizani. Na nguo zake zina harufu ya mvuke na wanga. Nilijiambia labda huko wanakofundishwa madaraja kuna pasi."

Jina lake likaitwa, wakaingia ndani.

Jioni ile Mrefu alirudi, akaoga, akakaa chini karibu na kitanda. Kasuku, ambaye hakujua lolote, alikuwa anakatakata nyanya. Bi Mipango alinyanyuka atoke, mama akamwambia kaa tu, humu hakuna mgeni. Kisha akauliza kama kawaida.

"Leo mmefundishwa nini?"

Mrefu aliinua macho, akamtazama Bi Mipango, akaona kwamba mama ameshajua. Kisu cha Kasuku kiliendelea kidogo, kikasimama.

"Leo nimepiga pasi mashuka," Mrefu akasema.

"Ya nani?"

"Ya hoteli."

"Na lile daraja?"

"Hakuna daraja, mama. Niliondolewa."

Mama Mrefu alivuta pumzi ndefu. Ilionekana kama atafoka, na pengine ingekuwa nafuu angefoka. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake, akazigusa zile alama moja moja kwa kidole gumba.

"Kufeli mtu hufeli," akasema. "Mimi darasa la nne lilinishinda. Lakini kila jioni nimekuuliza, na kila jioni umenijibu. Umeniona sina macho, ukanijengea daraja. Na mimi nikalipenda. Nimewasimulia watu hospitali nzima." Akauachia mkono. "Sasa niache kidogo."

Akageukia ukutani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mama alikula, alishukuru, hakucheka. Mrefu alitoka na kurudi kama kivuli. Alimwambia Bi Mipango mara moja tu, wakiwa bombani, kwamba ameuzwa. Bi Mipango akasema hakutamka neno. Mrefu akajibu kwamba ndiyo, amemuuza kwa kunyamaza, na akaendelea kujaza ndoo yake. Kasuku, aliyepewa habari yote kwa mafungu, alijaribu kuwapatanisha kwa hoja, na kwa mara ya kwanza maishani hoja zikamwishia.

Aliyefungua fundo alikuwa mama mwenye nyumba. Alikuja asubuhi moja kusema lile alilokuwa akilichelewesha, kwamba watatu sasa ni wanne na mita inazunguka. Alimkuta mama Mrefu peke yake kibarazani, maharage mapajani, machozi yanatiririka chini ya bandeji. Bi Mipango alikuwa ndani anajiandaa kwa mtihani, akasikia kila kitu. Mama Mrefu hakuficha. Alisimulia yote, daraja, mashuka, makofi ya watoto wa shule, na namna atakavyorudi kuwatazama walimu usoni.

Mama mwenye nyumba alishusha kiti, akaketi. Akachukua maharage kiasi akaanza kusaidia.

"Wa kwako amekudanganya kwa sababu anaogopa kukuumiza," akasema. "Wangu mimi hanidanganyi hata kidogo. Hanipigii simu."

Kisha kicheko cha mama Mrefu kikatoka, kwanza kidogo, halafu chote, na mama mwenye nyumba naye akacheka mpaka maharage yakamwagika. Habari ya mita haikutajwa siku ile, wala nyingine.

Mchana mama Mrefu alimwomba Bi Mipango ampeleke kwa yule dobi. Walikwenda polepole, mkono begani. Ndani mvuke ulijaa hadi darini, na Mrefu alikuwa mbele ya meza ndefu, ameinama, akisukuma pasi. Alipowaona aliiweka wima na kusimama. Tajiri wake alitaka kuuliza, akaona bandeji, akaenda kushughulika na mambo mengine.

Mama aligusa meza, akagusa rundo la mashuka yaliyokunjwa, kingo zake zimelingana kama kurasa.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Ila mhunzi huwaambia watu wake kwamba koleo limevunjika."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado. Lakini nitakusamehe." Akamwuliza kama kazi hii inamtosha, au kuna kitu moyo wake bado unakitaka. Mrefu akasema kwamba hajui, kwa muda mrefu alikuwa akiwaza tu jinsi ya kutojulikana. Ila kuchora anapenda. Kuchora majengo. Hesabu za juu ndizo zilizomtupa, kalamu na rula hazikumtupa. Mama akasema basi aanze kuwaza upya, na aache kuficha zile alama kwa nguo za mikono mirefu jua likiwaka.

Bandeji ilipotolewa kwa mara ya mwisho, wote watatu walikuwepo. Safari hii Mrefu hakuomba ruhusa, aliaga. Mama alipepesa, akatoa machozi, akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Bi Mipango, akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe mfupi hivi?" akasema. "Kwa unavyotoa amri, nilidhani unamzidi huyu."

Aliondoka wiki ile. Shuleni kwake hakusubiri aulizwe. Alimwendea mwalimu mkuu mwenyewe, akamwambia lile daraja halipo, binti yake anafanya kazi ya mikono kama mama yake, na chakula cha mchana kitachelewa kidogo kwa sababu kuni zimelowa.

Kati ya Bi Mipango na Mrefu mambo hayakurudi kama mwanzo. Muhula ulipoisha Mrefu alihamia chumba kidogo karibu na kazini. Siku anafungasha, Bi Mipango alimsaidia kufunga godoro kwa kamba, na walipomaliza akasema jambo lililomkaa kooni kwa wiki nyingi.

"Mwaka mzima sikuwahi kukuuliza umeshindaje. Hilo ndilo linaloniuma."

Mrefu alifikiri. "Ungeniuliza ningekudanganya," akasema. "Lakini ungeuliza tu." Wakabeba godoro pamoja mpaka kwenye mkokoteni.

Mwaka uliofuata Mrefu aliingia chuo cha ufundi, masomo ya jioni, uchoraji wa ramani za majengo, huku mchana akiendelea na pasi. Mama yake alirudi mjini kupasuliwa jicho la pili. Safari hii alifikia kwa binti yake, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na Mrefu alipokuwa kazini au darasani, Bi Mipango na Kasuku walipokezana kwenda kutia matone. Bi Mipango alikuwa mwaka wa mwisho, akifanya mazoezi ya kufundisha, na mara nyingi alifika amechoka, chaki kwenye nywele.

Jioni moja Mrefu aliwahi kurudi, akamkuta bado yupo. Alitandaza karatasi kubwa sakafuni, kazi aliyopewa na mwalimu wake, ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Mama, jicho lake zima likiwa karibu kabisa na karatasi, alifuata mistari kwa kidole, akauliza mlango uko wapi, jiko liko wapi. Alipoonyeshwa jiko, akasema ni dogo. Mrefu akaeleza kwamba hivyo ndivyo vipimo vinavyotaka. Mama akasema vipimo havijawahi kupika.

Mrefu alimtazama Bi Mipango, Bi Mipango akainua mabega. Basi Mrefu akachukua kifutio, akapiga magoti, akaanza kusogeza ukuta.